AAV, lentivirusi, adenovirusi au chembe za mafuta: kipi kibebe jeni yako?

Kirusi cha kubeba jeni ni kirusi kilichonyang'anywa uwezo wa kuzaliana, kikaachiwa ujuzi wake wa kuingia ndani ya seli, kisha kikapakiwa mzigo tuliouchagua sisi. Miradi mingi huharibika mapema kwa sababu kibebeo huchaguliwa kwanza, pengine kwa kuwa maabara jirani inakitumia, halafu jeni ndiyo inayokatwakatwa ili itoshe. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Jibu kwanza maswali manne: je, seli unazozilenga zinaendelea kugawanyika? Jeni yako, pamoja na promota (kipande kinachoiwasha) na mkia wake (kipande kinachofunga ujumbe wake), ina besi ngapi, yaani herufi ngapi za DNA? Protini ihitajike kwa siku, kwa miezi au kwa maisha yote? Na je, kuna uwezekano wowote wa kuhitaji dozi ya pili? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloumiza zaidi baadaye. Katika jedwali, AAV ni kirusi kidogo kinachoambatana na adenovirusi, na mRNA ni nakala ya ujumbe wa jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini.

| | AAV | Lentivirusi | Adenovirusi | Chembe za mafuta zenye mRNA |
|---|---|---|---|---|
| Ukubwa wa chembe | nanomita (nm) 25 hivi | nm 80–120 | nm 90–100 | nm 80–100 |
| Nafasi ya mzigo | besi 4,700 hivi | besi 8,000–9,000 | besi 7,000–8,000. Hadi 36,000 jeni zote za kirusi zikiondolewa | haina ukomo mkali, ila mRNA ndefu ni ngumu kutengeneza |
| Mzigo hukaa wapi | ndani ya kiini, nje ya kromosomu kwa sehemu kubwa | ndani ya kromosomu | ndani ya kiini, nje ya kromosomu | kwenye saitoplazimu |
| Protini huanza kuonekana | wiki 1–3 au zaidi | saa 48–72 | saa 24–48 | ndani ya saa chache |
| Hudumu | miaka, seli zisipogawanyika | maisha ya seli na vizazi vyake | siku hadi wiki chache | siku chache |
| Kurudia dozi | karibu haiwezekani | hutibiwa seli nje ya mwili, kwa hiyo kinga si kikwazo kikubwa | hupungua nguvu kila inaporudiwa | inawezekana |

Jedwali hili husaidia kuondoa visivyofaa kabisa. Uamuzi wenyewe hutegemea mambo yasiyoingia kwenye jedwali.

AAV: chaguo la seli zilizotulia

Kwa retina, neva, misuli na ini la mtu mzima, AAV ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Seli hizo hazigawanyiki, au hugawanyika polepole sana, kwa hiyo mzigo usiobandikwa kwenye kromosomu haupotei. Wagonjwa wa hemofilia B waliopewa AAV8 yenye jeni ya faktari IX (protini ya kugandisha damu) wameendelea kunufaika kwa zaidi ya miaka 10 baada ya dozi moja. Kwa mtoto mdogo hesabu ni nyingine. Ini lake bado linakua, seli zinagawanyika, na nakala za jeni zinabaki zilezile huku seli zikiongezeka. Tiba inayomtosha mtu mzima inaweza kuyeyuka kwa mtoto kabla hajafika utu uzima.

Aina ya ganda la protini huamua kirusi kinaelekea wapi, na namba iliyo baada ya AAV hutaja aina hiyo. AAV2 hutumika kwenye retina: Luxturna, dawa ya upofu wa kurithi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hudungwa chini ya retina kwa kipimo cha nakala 1.5×10¹¹ za jenomu katika mililita 0.3 kwa kila jicho. AAV9 huvuka kizuizi kati ya damu na ubongo, na ndiyo iliyowezesha Zolgensma, dawa ya watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli (SMA), kufikia neva za uti wa mgongo kupitia mshipa wa damu, kwa nakala 1.1×10¹⁴ kwa kila kilo ya mtoto. AAV5 na AAV8 hupendelea ini. Tazama tofauti ya vipimo hivyo: mtoto wa kilo 8 hupokea karibu mara 6,000 ya kinachoingia kwenye jicho moja. Matatizo mengi ya usalama ya AAV yanatokana na wingi huo wa maganda ya protini yanayoingia mwilini kwa mkupuo. Jicho dogo, lililojitenga na mfumo wa kinga, ni mahali salama zaidi kuanzia kuliko mwili mzima.

Ini ndilo linalobeba mzigo. Kwa Zolgensma, mgonjwa huanzishiwa prednisoloni miligramu 1 kwa kilo kwa siku, saa 24 kabla ya kudungwa, na kuendelea kwa siku 30 kabla ya kupunguziwa taratibu kulingana na vipimo vya vimeng'enya vya ini. Hata hivyo kumekuwa na vifo vilivyotokana na ini kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2025 vijana wawili wenye ugonjwa wa Duchenne wa kudhoofika misuli, ambao hawakuwa wakitembea tena, walifariki kwa sababu hiyohiyo baada ya kupewa Elevidys, dawa ya AAV ambayo hutolewa kwa nakala 1.33×10¹⁴ kwa kilo. Mtu akipanga kupita kipimo cha 10¹⁴ kwa kilo, aanze kwa kuuliza kama kuna ganda linalofika kwenye kiungo husika kwa ufanisi zaidi, ili kipimo kishuke. Kuongeza dozi ndiyo njia ya mkato mbaya kuliko zote.

Nafasi ndogo ndiyo kasoro ya pili. Besi 4,700 hizo zinahesabu pia ncha mbili za kirusi, zenye besi 145 kila moja, kwa hiyo kwa promota, jeni na mkia unabaki na 4,400 hivi. Ukichagua AAV yenye nyuzi mbili zinazojikunja, protini huonekana mapema kwa kuwa seli haihitaji kutengeneza uzi wa pili, lakini nafasi hushuka hadi nusu. Jeni ya faktari VIII ina besi 7,000 hivi, na imeingia kwenye Roctavian, dawa ya AAV ya hemofilia A, kwa sababu tu sehemu yake ya kati inaweza kuondolewa bila kuharibu kazi, ikabaki na 4,400. Jeni ya distrofini, protini inayokosekana katika Duchenne, ina besi 11,000 za kusomwa, ndiyo maana Elevidys hubeba toleo lililofupishwa sana, lenye protini ya uzito wa kilodaltoni 138 badala ya 427. Toleo fupi si jeni kamili, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo waziwazi. Kuna njia ya kuigawa jeni katika AAV mbili zinazoungana ndani ya seli: ndivyo jeni ya otoferlini (protini inayohitajika ili kusikia), yenye besi 6,000 hivi, ilivyopelekwa kwenye sikio la ndani la watoto viziwi nchini China, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha wengi wao wakianza kusikia. Njia hiyo inafaa pale ambapo kiasi kidogo cha protini kinatosha na seli ni chache, kwa sababu ni seli zilizoingiwa na virusi vyote viwili tu ndizo zinazofaidika.

Kisha kuna kinga. Watu wengi wamekutana na AAV ya asili utotoni na wana kingamwili dhidi yake. Zolgensma haitolewi kirahisi kwa mwenye kingamwili za AAV9 zaidi ya 1:50, yaani zinazoonekana hata sampuli ya damu ikipunguzwa makali zaidi ya mara 50. Roctavian huhitaji asiwe na kingamwili zinazoonekana dhidi ya AAV5. Na baada ya dozi ya kwanza, kila mgonjwa hupata kingamwili nyingi kiasi kwamba ya pili, ya ganda lilelile, inazuiwa kabla ya kufika. Huu ni mlango unaofungwa mara moja. Ukitoa dozi ndogo kupita kiasi katika jaribio la kwanza, mgonjwa huyo amepoteza nafasi yake, na hilo linapaswa kumlemea kila anayepanga kundi la dozi ya chini kabisa.

Upande wa maabara, mambo yanayoharibu AAV yanajulikana, na mengi hutokea kabla kirusi hakijatengenezwa. Ncha zile za besi 145 hujikunja, na bakteria wanaokuza plasmidi (pete za DNA zinazotumika kutengeneza kirusi) hupenda kuzikata. Tumia bakteria waliodhoofishwa uwezo wa kuunganisha upya DNA, wakuze kwa nyuzijoto 30, na kila plasmidi mpya ikatwe kwa kimeng'enya cha SmaI ili kuthibitisha kwamba ncha zote mbili zipo. Baada ya uzalishaji, mara nyingi zaidi ya nusu ya maganda huwa matupu. Maganda hayo hayatibu chochote, lakini kinga huyaona. Kipimo cha PCR, kinachozidisha vipande vya DNA, huhesabu jenomu, hakihesabu maganda, kwa hiyo bidhaa mbili zenye namba sawa ya jenomu zinaweza kutofautiana mara kadhaa katika mzigo wa protini. Dai namba zote mbili. Na kabla ya PCR, sampuli ipitishwe kwenye kimeng'enya cha kuyeyusha DNA iliyo nje ya maganda. Ukiruka hatua hii unahesabu mabaki ya plasmidi na kuyaita kirusi.

Hasara nyingine ya kimyakimya ni plastiki. AAV hunata kwenye kuta za sirinji na mirija, hasa ikiwa imepunguzwa makali sana. Pluronic F-68, kiambata cha aina ya sabuni, kwa asilimia 0.001 katika kimiminika cha kuchanganyia huzuia hasara hiyo.

Lentivirusi: seli zinazozaliana, nje ya mwili

Seli shina za damu na chembe T za kinga huendelea kugawanyika. AAV ingepotea humo. Lentivirusi, iliyotokana na HIV-1, hubandika jeni kwenye kromosomu, kwa hiyo kila seli binti huirithi. Katika muundo wa kizazi cha tatu, sehemu zake hugawanywa katika plasmidi nne, jeni ya tat, inayowasha jeni nyingine za kirusi, huondolewa, na ncha yake ya mwisho hukatwa kipande ili ikishabandikwa isiweze kuwasha chochote yenyewe. Kinachotoka huingia kwenye seli mara moja na kukoma hapo.

Kwa CAR-T (chembe T zilizobadilishwa ili zishambulie saratani), lentivirusi imethibitika: Kymriah iliidhinishwa mwaka 2017 kwa njia hii. Kwa magonjwa ya damu ya kurithi kuna Zynteglo kwa thalasemia na Lyfgenia kwa selimundu.

Hatari yake ni mahali inapobandika. Katika majaribio ya Paris na London ya upungufu mkali wa kinga, yaliyotumia retrovirusi ya zamani zaidi ya panya, watoto 5 kati ya 20 walipata saratani ya damu kwa sababu ncha za kirusi ziliwasha jeni za ukuaji zilizokuwa karibu, hasa LMO2. Lentivirusi iliyokatwa ncha ilitarajiwa kumaliza tatizo hilo, na kwa kiasi kikubwa imelipunguza. Lakini Skysona, dawa ya lentivirusi ya adrenoleukodistrofia (ugonjwa wa kurithi wa ubongo), ilikuja kuonyesha kwamba promota iliyo ndani nayo ina neno: wagonjwa 7 kati ya 67 wa majaribio yake walipata saratani za damu. Ilitumia promota kali yenye asili ya kirusi. Zynteglo, ya kampuni hiyohiyo, hutumia promota ya globini inayofanya kazi katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu tu, na haijaonyesha saratani ya namna hiyo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya promota inayopiga kelele kila mahali na promota ya asili ya tishu husika, chukua ya pili hata kama protini itakuwa pungufu.

Kiwango kinachofuatwa ni wastani wa nakala chini ya 5 kwa kila seli. Ukizidisha virusi ili asilimia ya seli zilizobadilika ionekane nzuri kwenye ripoti, unaongeza pia idadi ya mahali palipobandikwa, na kila mahali ni bahati nasibu mpya. Mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka 15. Kama taasisi haina mpango wa kuwafuatilia watu muda huo wote, isianze.

Chembe za lentivirusi zina utando wa mafuta, kwa hiyo ni dhaifu. Kuzigandisha na kuziyeyusha mara mbili kunaweza kula sehemu kubwa ya nguvu yake. Ziweke kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, kwa nyuzijoto −80. Kipimo cha protini ya p24, iliyo ndani ya chembe ya kirusi, huhesabu na mabaki yaliyokufa. Kitegemewe kile cha kuambukiza seli halisi na kuhesabu zilizobadilika, tena kwenye aina ya seli utakayoitumia, maana namba iliyopatikana kwenye seli za maabara za HEK293T haihamishiki kwenye seli shina za damu. Hizi hukataa kirusi kwa nguvu zaidi.

Adenovirusi: wakati kelele ya kinga ndiyo unayoitaka

Adenovirusi huingia kwa nguvu, huzalisha protini nyingi haraka, na huamsha kinga ya mwili kama kengele. Kwa tiba ya kudumu sifa hiyo ya mwisho ni balaa. Mwaka 1999, katika jaribio la University of Pennsylvania, kijana wa miaka 18 alidungwa chembe 3.8×10¹³ kwenye mshipa wa ini na akafariki siku nne baadaye viungo vilipoacha kufanya kazi. Tangu hapo hakuna sababu ya maana ya kuitumia kurekebisha jeni ya ini.

Kwa chanjo sifa hiyohiyo ni faida. ChAdOx1 ya Oxford, chanjo ya UVIKO-19 iliyoondolewa sokoni mwaka 2024, ilitoa chembe 5×10¹⁰ kwa dozi, chini ya sehemu ya mia saba ya kipimo kile, kwenye msuli badala ya damu, na ilihifadhiwa kwenye jokofu la kawaida la nyuzijoto 2–8 kwa miezi 6. Hapa iliishinda mRNA kwa mbali katika usafirishaji. Kirusi cha sokwe kilichaguliwa kwa sababu watu wengi tayari wana kingamwili dhidi ya adenovirusi ya binadamu aina ya 5. Somo hilo liligharimu: jaribio la STEP la chanjo ya HIV kwa aina hiyo ya 5 lilisimamishwa mwaka 2007, na maambukizi yalionekana mengi zaidi miongoni mwa baadhi ya wanaume waliokuwa na kingamwili hizo. Upande wa madhara, chanjo za adenovirusi za UVIKO-19 zilihusishwa na damu kuganda pamoja na upungufu wa chembe sahani, jambo la nadra sana lililotokana na kingamwili dhidi ya PF4, protini inayotolewa na chembe sahani.

Matumizi mengine mazuri ni kwenye kibofu. Adstiladrin, dawa ya saratani ya kibofu, mililita 75 zenye chembe 3×10¹¹ kwa mililita, huingizwa kwa mrija na kuachwa kwa saa moja, kila baada ya miezi mitatu. Inaweza kurudiwa kwa kuwa dawa hubaki ndani ya kibofu, haizunguki kwenye damu.

Unaponunua adenovirusi, soma mambo mawili kwenye cheti. Kwanza, uwiano wa chembe zote kwa chembe zinazoambukiza usizidi 30 kwa 1. Pili, kirusi kilichorejea uwezo wa kuzaliana kiwe chini ya 1 katika chembe 3×10¹⁰. Kirusi cha namna hiyo huzaliwa pale jeni ya E1 (inayohitajika kirusi kizaliane), iliyo ndani ya seli za HEK293 zinazokikuza, inapobadilishana vipande na kibebeo, na hatari huongezeka kadiri mbegu inavyokuzwa vizazi vingi.

Pale ambapo kirusi hakihitajiki

Kama kazi ni kuhariri jeni mara moja, protini ya kuhariri haifai kukaa miaka ndani ya seli. Jeni ya Cas9 ya kawaida, kimeng'enya cha kukata DNA, ina besi 4,100, inajaza AAV karibu yote, na ikiendelea kuwepo hukata mahali pasipotakiwa. mRNA ndani ya chembe za mafuta huonekana kwa siku chache na kutoweka. Mchanganyiko wa Onpattro, dawa iliyobebwa na chembe za namna hii, wenye aina nne za mafuta kwa uwiano wa 50 : 10 : 38.5 : 1.5, bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Chembe hizi huvikwa protini ya ApoE kwenye damu na kuvutwa na ini, kwa hiyo ini ndilo linalofikika kirahisi. Viungo vingine bado ni vigumu. Mwaka 2025 huko Philadelphia mtoto mchanga mwenye upungufu wa CPS1 (kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuondoa amonia mwilini) alipewa kihariri kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake, katika dozi tatu zilizoongezwa hatua kwa hatua. Kwa AAV dozi ya pili isingefika.

Kwa seli za damu nje ya mwili, hata mafuta hayahitajiki: Casgevy ya selimundu huingiza kihariri kwa mshtuko wa umeme.

Na kama jeni ni ndefu na ngozi iko wazi, kuna kirusi cha herpes simpleksi. Vyjuvek, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa ngozi inayochubuka, hubeba jeni ya COL7A1, yenye besi 9,000 hivi, ndani ya jeli inayopakwa kwenye vidonda kila wiki.

Jinsi ya kuamua kwa kesi halisi

Ugonjwa wa retina, jeni ya besi 1,600: AAV, bila mjadala mrefu. Seli shina za damu: lentivirusi yenye promota ya tishu, au uhariri kwa umeme ikiwa kosa linaweza kurekebishwa papo lilipo. Chanjo inayopaswa kusafiri mbali na friza: adenovirusi isiyo ya kawaida kwa binadamu. Ini la mtoto mchanga: chembe za mafuta zenye kihariri, kwa kuwa badiliko lililoandikwa kwenye kromosomu hukua pamoja na ini. Misuli ya mwili mzima kwa jeni ndefu: hapa hakuna jibu zuri bado, na anayekuambia lipo anakuuzia kitu.

Mgonjwa mwenye kingamwili nyingi dhidi ya AAV ndiye anayeleta mashaka makubwa zaidi. Jaribu kwanza ganda la aina nyingine. Hemgenix, dawa ya hemofilia B yenye AAV5, ilitolewa katika majaribio bila kuwaondoa wenye kingamwili, na wengi wao walinufaika. Hilo lisitumike kama ruhusa kwa AAV9 yenye dozi mara kadhaa zaidi, ambako kingamwili si suala la dawa kutofanya kazi tu, bali la mwili kushambulia dawa hiyo ikiwa tayari kwenye damu.

Jambo la mwisho ni la usafi wa meza. Lentivirusi hufa kwa pombe ya asilimia 70. AAV na adenovirusi hazina utando wa mafuta, na pombe haizimalizi. Kwa hizo tumia hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 0.5 iliyochanganywa siku hiyohiyo, iachwe dakika 10, ndipo upanguse kwa maji.